Diploma ya unasihi "yenye ithibati ya kimataifa": anayeitambua ni nani hasa?

#1 Binti_Isamilo
Wakuu habari. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mwanza, na shuleni ndiye mwalimu wa malezi na unasihi. Kazi hiyo nilipewa kikaoni kwa sababu "watoto wanakupenda". Basi, hakuna mafunzo, hakuna nini. Sasa nataka kusoma nijue ninachofanya, na baadaye nifungue ofisi yangu ndogo au niombe kazi kwenye mashirika.

Nimepata kozi ya mtandaoni, wenyewe wanasema wako Uingereza. Ni diploma, miezi sita, ada inakuja kama 1,800,000 kwa awamu mbili. Chini ya tangazo kuna mihuri imepangwa kama medali za mwanajeshi, na maneno "ina ithibati kamili ya kimataifa". Nikawauliza WhatsApp: ithibati ya nani? Wakajibu: "Ya kimataifa dada."

Naomba kujua inanisaidia nini hapa nchini. TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wataitambua? Na nikitaka kuwa mnasihi wa kueleweka, ni nani mwenye mamlaka ya kusema "huyu ni mnasihi, yule siye"?

#2 Chapa_Ilale
"Ya kimataifa dada" 😂😂😂 Naweka kambi hapa.

#3 Kamanda_wa_Ubungo
TCU ndiyo kila kitu. Peleka cheti kule, wakikitambua umemaliza, wasipokitambua umeliwa. Uzi ufungwe.

#4 Karani_Mstaafu
Kamanda, usifunge mlango watu bado wanaingia. TCU inashughulika na vyuo vikuu, ndiyo kazi iliyopewa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005. Diploma za kawaida na vyeti vya ufundi na ufundi stadi viko kwa NACTVET, ile iliyokuwa NACTE. Kwa hiyo binti yetu kwanza ajue anachouziwa ni tuzo ya chuo kikuu au ni cheti cha kituo cha mafunzo tu.

La pili ni kubwa zaidi. Mamlaka ikikitambua cheti, inachosema ni kwamba kimetoka chuo halali na kiko ngazi fulani. Haisemi kwamba umeiva kukaa chumbani na mtu aliyejaribu kujiua jana. Angalieni wengine. Mwenye digrii ya uhasibu ya chuo kizuri kabisa bado anaenda kufanya mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu. Mwenye digrii ya sheria (LLB) anaenda Law School. Muuguzi haruhusiwi kumgusa mgonjwa bila leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Hata walimu tangu 2018 kuna sheria ya Bodi ya Kitaalamu. Mnasihi akitoka chuo anaenda wapi?

#5 Saiko_Kijitonyama
Haendi popote mzee wangu. Hilo ndilo jibu.

Nimesoma saikolojia Mlimani, yaani UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tukimaliza, wenzetu wa sheria na uhasibu wana sehemu ya kwenda. Sisi tunatawanyika: mmoja benki, mmoja HR, mmoja NGO ya vijana, mmoja anauza vipodozi Instagram na kuandika "therapist" kwenye bio. Tanzania hakuna sheria mahsusi ya wanasihi. Chama cha wanasaikolojia, TAPA, kipo na kina watu wazuri, ila chama ni chama. Hakiwezi kumfungia ofisi mtu ambaye si mwanachama.

Programu zenyewe za vyuo zina ithibati, hilo halina shida. UDSM wana masta ya saikolojia ya jamii, Muhimbili wana masta ya saikolojia tiba ambayo inakuweka wodini. Shida inaanza siku ya pili baada ya mahafali.

#6 Kamanda_wa_Ubungo
Sasa kama hakuna sheria si ndiyo afadhali? Afungue ofisi, ada ya 1.8m anunulie sofa na feni.

#7 Wambui_wa_Buru
Hamjambo majirani. Huku Kenya mbona tulishapita hapo? Tuna sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014, na sheria hiyo ndiyo iliyounda Bodi. Huwezi kutoa huduma bila kusajiliwa na kuwa na leseni. Kwa hivyo Binti, fanya kozi ambayo Bodi ya kwenu inaitambua, na kama hamna bodi, ishinikizeni serikali.

#8 Mtu_wa_Kisumu
@Wambui tafadhali usiwauzie majirani asali bila kuwaonyesha nyuki 😄

Sheria ilitoka 2014, ndiyo, lakini Bodi ilichelewa kuanza kazi na watu waliendelea kutumia uanachama wa chama cha KCPA kama ndio leseni. Mashirika mengine mpaka leo yakitangaza nafasi yanaandika "awe mwanachama wa KCPA" na mengine "awe amesajiliwa na Bodi", na mengine yote mawili. Hivyo ni vitu tofauti. Chama unajiunga, Bodi inakusajili kisheria.

Yangu binafsi: nilisoma diploma katika chuo kimoja hapa magharibi. Chuo kilikuwa na cheti cha TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi Kenya, ukutani, kimewekwa fremu, kimepigwa na taa. Nikalipa karo mpaka mwisho. Wakati wa kuomba kazi, afisa akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuliwaza: chuo kimesajiliwa sawa, je, hii kozi yako imeidhinishwa? Kumbe chuo kinaweza kusajiliwa kwa sababu ya useremala na upishi, halafu wakaongeza ushauri nasaha juu kwa juu. Ile taa ilikuwa inamulika useremala.

#9 Chapa_Ilale
"Ile taa ilikuwa inamulika useremala." Mkuu pole lakini umeniua 😂

#10 Karani_Mstaafu
#8 ndiyo hoja ya uzi huu. Na sisi huku ni vilevile: usajili wa chuo ni kitu kimoja, ithibati ni kingine, na idhini ya programu moja moja ni kingine tena. Mzazi anaona neno "kimesajiliwa" anatoa hela.

#11 Mdau_Leicester
Salamu kutoka Leicester, huku mvua tu. Dada wa #1, ngoja nikupe ukweli wa huko unakoambiwa diploma inatoka.

Uingereza kwenyewe mtu yeyote anaweza kuamka kesho akaweka kibao mlangoni kwamba yeye ni mnasihi au mtaalamu wa tiba ya mazungumzo, na sheria isimguse. Majina yaliyolindwa ni ya wanasaikolojia, mfano wa tiba na wa unasihi, ambayo tangu 2009 yako chini ya HCPC, baraza la kisheria la taaluma za afya. Hao wengine wote wako kwenye rejista za hiari za vyama vya wanasihi na wataalamu wa tiba ya mazungumzo: BACP, UKCP na nyinginezo, ambazo nazo zinakaguliwa na chombo kinaitwa PSA. Ni hiari, lakini waajiri wengi hawakusikilizi bila hizo.

Sasa mihuri. Kuna muhuri wa Ofqual, huo ni wa serikali kwa upande wa sifa za kitaaluma England, na rejista yake iko wazi mtandaoni, unaingiza namba ya sifa unaiona. Kuna muhuri wa BACP kwa kozi zilizopewa ithibati. Halafu kuna muhuri wa CPD. Huo wa mwisho ndio umejaa kwenye matangazo ya Facebook, na maana yake ni mafunzo ya kujiendeleza kwa mtu ambaye tayari ana taaluma. Hauzalishi mnasihi. Nakuwekea dau kuwa mihuri yako mingi ni ukoo wa CPD.

Kozi yenye ithibati ya BACP lazima iwe na angalau saa 100 za kukaa na wateja halisi chini ya msimamizi. Miezi sita kwenye simu hazitoki saa hizo. Na huyo akimaliza bado ni mwanachama wa kawaida. Akitaka hadhi ya juu ya mtu binafsi kupewa ithibati, anatakiwa awe na saa 450.

#12 Kamanda_wa_Ubungo
Yaani kwao hakuna sheria halafu sisi ndio tunaambiwa tuko nyuma. Hoja yangu ya sofa na feni imeungwa mkono na Malkia.

#13 Mdau_Leicester
Mfalme sasa, Kamanda. Malkia alifariki 2022.

#14 Binti_Isamilo
Asante sana Mdau. Nimewaandikia tena, nimewauliza namba ya Ofqual na saa za wateja wananipangia wapi. Jibu: "You can practise with family and friends."

Yaani nimnasihi mama mkwe wangu.

#15 Chapa_Ilale
Mama mkwe ni saa 450 peke yake.

#16 Nesi_Temeke
Niwape ya kwangu. Mimi ni muuguzi. Kipindi vituo vya kupima VVU kwa hiari vinaenea, tulipelekwa kwenye mafunzo ya wiki chache, tukarudi na cheti cha ushauri nasaha. Kwa kazi ile cheti kilitosha: kabla ya kipimo, baada ya kipimo, kinga, familia. Kuna utaratibu wake na ulifuatwa vizuri, na nina hakika kiliokoa watu.

Lakini mtu anakuja kwa kipimo, majibu ni hasi, anaanza kulia kuhusu kitu alichofanyiwa na baba wa kambo akiwa na miaka tisa. Hapo cheti changu kinaishia. Nilikuwa na bahati kulikuwa na daktari wa akili wa kumpigia. Wenzangu wengi waliendelea tu kwa sababu kibao cha mlangoni kilisema "Ushauri Nasaha" na foleni ni ndefu. Wengine leo wana ofisi binafsi kwa cheti kilekile.

Ndio maana swali la "kozi ina ithibati?" mimi naona haliishii hapo. Ina ithibati ya kufanyia nini?

#17 Intern_Dodoma
Naongeza kwa Nesi. Nimepitia Mirembe, hospitali ya afya ya akili. Tiba ya mazungumzo ni tiba. Ina madhara ikikosewa kama dawa ilivyo na madhara. Mahali pake ni Wizara ya Afya, chini ya baraza la afya, kwisha. Rwanda wamefanya hivyo, wanasaikolojia tiba wao wanasajiliwa kwenye baraza la taaluma shirikishi za afya. Sioni kwa nini tunazunguka.

#18 Saiko_Kijitonyama
Mnazunguka kwa sababu madaktari wanataka kila kitu kiwe wodi. Binti_Isamilo hatibu mtu. Anakaa na mtoto wa kidato cha pili aliyepigwa na mjomba. Ukimweka chini ya Wizara ya Afya, Wizara ya Elimu itamfahamu vipi? Na kesi ya mjomba ikienda kwa afisa ustawi wa jamii, huyo yuko wizara ya Maendeleo ya Jamii. Na shule yenyewe iko TAMISEMI, kwa watu wa serikali za mitaa.

Kwa maoni yangu hapo ndipo sheria ilipokwama. Mnasihi ana wizara tatu za kumtuma na hakuna hata moja ya kumsajili.

#19 Mchungaji_Mtarajiwa
Bwana asifiwe. Naomba kuuliza kwa heshima. Sisi tuliosoma ushauri wa kichungaji vyuo vya Biblia, mnatuweka wapi? Nimesoma miaka mitatu, somo la unasihi lipo tena kwa kina. Wanandoa wakigombana usiku wa manane hawampigii mtu wa TCU, wananipigia mimi.

#20 Intern_Dodoma
Mchungaji, hakuna anayekukataza kuombea ndoa. Shida ni muumini mwenye sonona kali akiambiwa aache dawa.

#21 Mchungaji_Mtarajiwa
Sijawahi kumwambia mtu aache dawa. Hilo unalipata kwa manabii wa kwenye TV, usituchanganye.

#22 Bibi_Kibada
Na makungwi je? Maana mwali anafundwa ndoa nzima, mambo ya ndani na ya nje, na hakuna saa 450 wala nini. Tena kungwi akikosea anaambiwa na ukoo mzima, hahitaji bodi 😅

#23 Chapa_Ilale
Bibi umeingia na ngoma kabisa. Bodi ya Makungwi, mwenyekiti wewe.

#24 Mama_wa_Watatu
Mimi ni msomaji tu humu lakini leo niseme. Nilienda kwa mnasihi, jina sitaji wala mji sitaji. Ofisi nzuri, vyeti ukutani vingi, maua. Nikamwaga moyo. Baada ya muda wifi yangu ananieleza maneno yangu mwenyewe, neno kwa neno. Wanasali kanisa moja, sikujua.

Nikataka kulalamika. Nikagundua sina pa kwenda. Polisi niende niseme nini? Vyeti vyake sijui kama ni vya kweli au si vya kweli, na kwangu haijalishi, inawezekana kabisa ni vya kweli. Ningetaka kuwe na mtu mmoja juu yake ambaye ningemwandikia barua na akamwita.

Ninyi mnajadili nani anamruhusu kuingia. Mimi naulizia nani anamtoa.

#25 Nesi_Temeke
Pole sana dada yangu. Kwa muuguzi ungeandika barua Baraza, na tunaitwa kweli, naifahamu hofu ya ile barua.

#26 Wakili_Nakuru
Mama wa Watatu amesema jambo ambalo mawakili tunalitoza pesa. Pole mama.

Nirudi kwa Wambui (#7) kidogo. Kuwa na Bodi hakumalizi vita, kunaibadilisha. Huku swali limekuwa: ni nani anayeidhinisha kozi ya chuo kikuu, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) au bodi ya taaluma? Mabadiliko ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2016 yalisema waziwazi kuwa ni CUE peke yake, hata kama sheria nyingine inasema vinginevyo. Bodi za taaluma hazikufurahi.

Kesi maarufu si ya washauri nasaha, ni ya wahandisi. Wahitimu wa Moi, Egerton na Masinde Muliro walikataliwa usajili kwa sababu bodi ya wahandisi haikuwa imeitambua programu yao. Wakaenda mahakamani, ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 2018 wahitimu wakashinda. Fikiria: mwanafunzi aliingia chuo cha serikali, kwa mkopo wa serikali, akatoka na digrii iliyokataliwa na bodi ya serikali.

#27 Wambui_wa_Buru
Sawa Wakili, lakini ushindi wao si kwamba bodi haina maana. Bodi bado ndiyo inayosajili mtu. Tofauti ni kwamba isimwadhibu mwanafunzi kwa ugomvi wake na chuo.

#28 Wakili_Nakuru
Hapo tumeelewana. Ila ukiacha kila chuo kijipange chenyewe na CUE ambayo haina washauri nasaha wa kutosha wa kukagua, utapata digrii ya nadharia tupu. Binafsi nimeona mitaala ambayo saa za vitendo zimeandikwa "kama itakavyopangwa".

#29 Mswahili_Houston
Wadau nimesoma yote. Huku Marekani serikali kuu haitoi leseni ya mnasihi, kila jimbo lina lake. Virginia walianza 1976, California walikuwa wa mwisho, walipitisha 2009. Miaka 33 katikati, na hiyo ni Marekani. Kwa hiyo wanaosema Tanzania imelala wapunguze kidogo.

Ithibati ya programu iko kwa chombo kinaitwa CACREP, kilianzishwa 1981, na si cha serikali. Masta ya krediti 60. Vitendo ni saa 700: 100 za awali, 600 za fildi. Ndani ya hizo, uso kwa uso na wateja ni 280. Halafu unamaliza, unafikiri umeiva. Hapa Texas unaambiwa saa 3,000 chini ya msimamizi, nusu yake na wateja, isipungue miezi 18, na msimamizi mara nyingi unamlipa mwenyewe. Nimemjengea wangu chumba cha wageni nadhani.

Dada mmoja alikuja na masta nzuri sana ya Nairobi, wakampima krediti moja moja na kumwambia kuna masomo arudie. Alilia. Masta ilikuwa halali kwao, haikuwa imepangwa kwa leseni ya huku, basi.

#30 Kamanda_wa_Ubungo
Saa 3,000 ndio nini. Hiyo ni biashara. Waliotangulia wanaweka ngazi ndefu ili wapya wawalipe. Saa 100, 450, 700, 3,000, kila nchi namba yake, na sijaona mtu humu akisema mteja wa saa 3,000 anapona kuliko wa saa 700. Bodi zote ni klabu.

#31 Mswahili_Houston
Kamanda leo umesema kitu. Ubishi huo upo hata huku, kwamba CACREP inabana programu nzuri zisizo na hela ya kulipia mchakato. Lakini klabu hiyohiyo ndiyo inayompokonya leseni anayelala na mteja. Orodha zao za nidhamu zinawekwa hadharani.

#32 HR_wa_Masaki
Niseme kama ninayeajiri. Tukitangaza nafasi ya mnasihi kwa miradi ya ukatili wa kijinsia tunapata maombi mengi, na nusu wana vyeti vya mtandaoni vya mihuri. Sina bodi ya kupiga simu. Kwa hiyo nimejitengenezea yangu. Sianzi na cheti. Naomba vitu vitatu: daftari la saa za vitendo lenye sahihi, jina la msimamizi ninayeweza kuongea naye, na aniambie kesi moja aliyoikabidhi kwa mtu mwingine na kwa nini. Swali la tatu linachuja kuliko TCU. Anayeniambia "sijawahi kukabidhi, namaliza mwenyewe" nafunga faili.

Cheti kitambulike, ndiyo, donor anataka nakala. Ila ni ya faili la mkaguzi.

#33 Karani_Mstaafu
HR, utaratibu wako ni mzuri lakini umo kichwani mwako. Ukihama Masaki unahama nao. Mwenzako wa shirika la pili anaajiri kwa lafudhi ya Kiingereza.

#34 HR_wa_Masaki
Kweli kabisa. Nilimkuta aliyepita aliajiri hivyohivyo.

#35 Binti_Isamilo
Asanteni wote, nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Ile kozi nimeachana nayo. Nawaza masta ya hapa nchini ya jioni au wikiendi, ila niko Mwanza na wanaotoa vitendo vya maana naona wako Dar na Dodoma. Ruhusa ya masomo kwa mwajiri ni hadithi nyingine. Kwa sasa nina watoto wanaogonga mlango kila siku saa nne na siwezi kuwaambia wasubiri 2028.

#36 Saiko_Kijitonyama
Anza na msimamizi kabla ya kozi. Tafuta mtu hospitali ya Bugando hapo Mwanza, idara ya afya ya akili, au afisa ustawi mzoefu, mkubaliane awe anakusikiliza kesi zako mara mbili kwa mwezi bila majina ya watoto. Uingereza kiwango cha BACP ni saa moja na nusu kwa mwezi, si mzigo. Andika tarehe, andika mlichoongea, asaini.

#37 Intern_Dodoma
Naunga mkono, na awe mtu wa afya, si rafiki.

#38 Saiko_Kijitonyama
Umeanza tena.

#39 Mpemba_Halisi
Asalam aleikum. Mimi nipo Chake, nimeifuata mada toka mwanzo na naona Zanzibar haijatajwa hata kidogo. Nina digrii ya saikolojia, nataka kufungua ofisi ya ushauri kwa wanandoa. Nilikwenda ofisi moja wakanambia hii ni ya afya, nikenda ya afya wakanambia hii ni ya ustawi, ya ustawi wakanipa fomu ya biashara. Nimeshajaza. Kwenye fomu kuna "saluni", kuna "duka la rejareja", mimi nimetia tiki "mengineyo". TCU inatuhusu sisi au haituhusu?

#40 Karani_Mstaafu
Waaleikum salaam. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, kwa hiyo digrii yako, iwe ya SUZA (chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar) au ya Mlimani, iko chini ya TCU hiyohiyo. Afya si ya Muungano. Ofisi yako utaifungua kwa utaratibu wa huko huko.

#41 Mpemba_Halisi
Ahsante mzee. Kwa hiyo digrii ya Muungano, ofisi ya Zanzibar, na leseni ni ya "mengineyo".

#42 Bibi_Kibada
Mpemba, hao wanandoa wakija, unawachukua pamoja au mmoja mmoja? Maana sisi huanza na mke.

#43 Mpemba_Halisi
Nilivyosomeshwa ni pamoja kwanza. Lakini waume wa huku hawaji, bibi. Naona nitaanza na mke.

#44 Intern_Dodoma
Msimamizi wako ni nani?